Taa na vifaa vya baiskeli ya barabarani: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za taa, na nafurahi mno, kwa kuwa wengi hununua soksi na miwani kwanza, taa wakaikumbuka jua likishazama. Nimeanza na hizo.

Nataka taa ya mbele. Naonyeshwa ya lumeni 300, ya 800 na ya 1,500. Je, kubwa ndiyo bora?

Hapana, si lazima. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, na haikuambii mwanga huo unaangukia wapi. Taa ya lumeni 1,500 inayotawanya mwanga hadi kwenye matawi ya miti yaweza kukuonyesha barabara vibaya kuliko ya 500 yenye lenzi nzuri, inayoulaza mwanga chini unakopita wewe. Tena hiyo ya kutawanya inampofusha dereva anayekuja mbele yako, na dereva asiyeona ni hatari kwako kuliko kwake.

Angalia kwanza njia yako. Ukipita barabara zenye taa, kazi ya taa yako ni kukufanya uonekane. Lumeni 100 hadi 200 zinatosha. Ukipita gizani, tafuta 400 hadi 800. Hesabu yake ni hii: kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kila sekunde unapita zaidi ya mita 8. Sekunde moja ya kushtuka na kushika breki imeshakula mita hizo, na kusimama kwenye lami kavu kunataka kama mita 7 nyingine. Lami ikilowa, ongeza. Taa inayokuonyesha mita 10 tu inakuonyesha shimo ambalo tayari umeshaliingia. Mimi nasema mita 20 zilizo wazi, au upunguze mwendo.

Soma pia maandishi madogo kwenye boksi. Ule muda wa betri ulioandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni wa mwanga hafifu kabisa. Unachotaka kujua ni saa ngapi itadumu kwenye mwanga utakaoutumia. Na kwa mvua, alama ya IPX4 maana yake inahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote. Hiyo ndiyo ya chini ninayoikubali.

Nimeshanunua taa nzuri, lakini madereva wananiwashia taa kali kila tukipishana. Nifanyeje?

Wanakuambia taa yako inawapiga machoni. Ilenge upya, ni kazi ya dakika chache. Simamisha baiskeli mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, gurudumu la mbele likiuelekea ukuta. Pima kimo cha taa kutoka chini, halafu weka alama ukutani kwenye robo tatu ya kimo hicho. Kama taa iko sentimita 100 kutoka chini, alama ikae sentimita 75. Giza likiingia, washa na uinamishe taa mpaka kitovu cha mwanga kiguse alama. Barabarani kitovu hicho kitatua mita 20 mbele yako. Kaza kibano vizuri, kwani kikilegea mtikisiko utaipandisha au kuishusha taa na kazi yako yote itapotea.

Taa ya nyuma iwake mfululizo au imwekemweke?

Mwanga unaomwekamweka huvuta jicho upesi, hasa mchana. Lakini usiku anayekuja nyuma hupata shida kukadiria uko mbali kiasi gani, kwa sababu kila anapotaka kupima umbali mwanga unazimika. Ukiweza, funga taa mbili nyuma: moja iwake mfululizo, nyingine imwekemweke. Faida nyingine ni kwamba moja ikiishiwa chaji njiani, hutabaki gizani. Ukiwa na moja tu, usiku iache iwake mfululizo.

Angalia pia sheria za unakoendesha. Ujerumani hairuhusu taa za baiskeli za kumwekamweka. Uingereza iliziruhusu mwaka 2005. Na mkiendesha kwa msafara, weka mwanga mdogo usiomwekamweka. Mwenzako wa nyuma yuko mita moja tu kutoka kwenye taa hiyo, na atakuwa anaitazama safari nzima.

Kuna haja ya kuwasha taa mchana?

Ipo. Huko Odense, Denmark, waendeshaji wapatao 3,800 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, 2004 hadi 2005. Baadhi walipewa taa zinazowaka muda wote, wengine hawakupewa. Ajali za kuumia zinazohusisha mtu mwingine barabarani zilikuwa chache kwa asilimia 19 kwa waliokuwa na taa kuliko kwa wasiokuwa nazo. Mchana chagua taa ya nyuma yenye mwanga mkali wa kumwekamweka, kwa kuwa ile hafifu humezwa na jua. Inakusaidia zaidi unapoingia na kutoka kwenye vivuli vya miti.

Navaa fulana ya kuakisi mwanga. Inatosha?

Ni nzuri, ila ongeza mikanda ya kuakisi kwenye vifundo vya miguu. Miguu ya mwendesha baiskeli inapanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua haraka kwamba huyu ni mtu anayepiga pedali. Fulana peke yake kwa mbali yaweza kudhaniwa kibao cha barabarani. Mikanda hiyo ni rahisi, haina betri, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine kidogo kinachorudisha thamani ya pesa kiasi hicho. Lakini kumbuka, kiakisi hung'aa pale tu kinapopigwa na taa ya gari. Hakichukui nafasi ya taa yako.

Naogopa kupata pancha mbali na nyumbani. Nibebe nini?

Tyubu moja ya akiba inayolingana na tairi lako, vibanduzi viwili vya plastiki vya kutolea tairi, viraka na gundi, pampu ndogo, na seti ya funguo za pembe sita inayokunjika yenye namba 4, 5 na 6. Kama gurudumu lako limefungwa kwa nati, beba na spana yake. Vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo chini ya kiti.

Kabla ya kununua tyubu, tazama valvu yako: ni nyembamba yenye kinati cha kufungua juu, au nene kama ya gari? Pampu nayo ilingane nayo. Na urefu wa valvu utoshe kina cha rimu, la sivyo pampu haitapata pa kushika.

Wengine hupenda vikopo vya gesi ya kaboni dayoksaidi. Cha gramu 16 hujaza tairi jembamba kwa sekunde chache, na hilo ni jambo zuri mvua ikinyesha. Lakini kikiisha kimeisha, na gesi hiyo hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa ya kawaida. Kesho yake utakuta tairi limelegea. Beba ukitaka, ila pampu isibaki nyumbani.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Usiingize tyubu mpya kabla hujapata kilichotoboa ile ya kwanza. Ijaze hewa tyubu iliyotoboka, tafuta tundu, kisha ilaze kando ya tairi, valvu ikiwa mahali ilipokuwa. Tundu litakuonyesha sehemu ya tairi ya kukagua. Hapo pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu. Mwiba au kipande cha glasi kitanasa nyuzi za kitambaa, na kidole chako kitapona. Ndiyo maana mafundi wengi hufunga tairi nembo yake ikiwa sambamba na valvu, wasihangaike kukumbuka lilikuwa limekaa vipi.

Dainamo au taa ya kuchaji?

Kama unaendesha kila siku, asubuhi na jioni, dainamo ya kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, ni raha: taa ipo siku zote na hakuna cha kuchaji. Gharama yake ni gurudumu zima jipya na uzito kidogo. Anayetoka wikiendi tu atosheke na taa ya kuchaji. Asiiweke kabatini miezi mingi ikiwa tupu kabisa, maana betri za lithiamu huharibika hivyo. Aiache na chaji kama nusu.

Mfuko wangu wa chini ya kiti unaziba taa ya nyuma. Nihamishie wapi?

Ifunge kwenye bomba la fremu linalopanda kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kitini, upande ulio karibu na magari. Mingine ya mifuko hiyo ina kitanzi cha kuning'iniza taa, ila kama ni kitambaa laini taa huinama na kumulika lami. Ukimaliza kuifunga, rudi nyuma hatua kama 30 na uitazame kwa urefu wa macho ya dereva aliyekaa. Jaribu pia ukiwa umevaa koti la mvua, mwenzako akuangalie, kwa sababu pindo la koti hushuka na kuifunika.