Shangazi, tumtafutie mtoto baba au tunyamaze?

SWALI

Shangazi, nakusalimu. Ninalea mjukuu wa kike wa miaka 7 hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Baba yake alikuwa askari wa kofia za buluu, wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Binti yangu alimfahamu kwenye uzio wa kambi yao, alikokuwa akiuza mayai ya kuchemsha na karanga. Alikuwa na miaka 17. Baadaye yule askari akawa anakuja nyumbani mchana, anakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, anatuletea biskuti na mafuta ya kupikia. Sikufichi, nilimpikia. Mtaani walimwita mkwe wangu. Zamu yao ilipokwisha akaondoka, mimba ikiwa na miezi minne, na simu yake haikupatikana tena. Sasa wale wale waliokuwa wakija kuomba biskuti wanasema binti yangu alijiuza. Mtoto wanamwita "Dola". Kaka yangu anasema tukishitaki tutajiongezea aibu. Tufanye nini?

Bibi wa mtoto, Bunia

JIBU

Mama, barua yako nimeirudia mara tatu kwa ajili ya kile kiti.

Miaka ile mji wenu ulipojaa wakimbizi, nilikuwa nafanya kazi ya ukalimani. Siku moja niliitwa getini mwa kambi kumtafsiria askari maneno mawili tu: "Mwambie nitarudi." Nikayatafsiri kwa sauti ya upole, na msichana akaamini kwa kuwa yalitoka kinywani mwangu, mwanamke wa lugha yake. Kwa hiyo usitegemee nikulaumu kwa sahani ya chakula.

Majirani zako nawafahamu, hata kama sijawaona. Askari akileta unga, ni mkwe. Akipanda ndege, ghafla binti ni malaya. Hasira yetu huanza siku anayoondoka, na kwa kuwa yeye hayupo, inamwangukia aliyebaki. Si jambo la jana. Mwaka 2004 habari za wasichana wa hapo hapo Bunia, waliokuwa wakipewa chakula au dola moja mbili, zilifika hadi New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka uliofuata Mwanamfalme Zeid, balozi wa Jordan huko, akaandika ripoti nzima juu ya uovu huo. Lakini kwenye visima vya maji mazungumzo hayakubadilika: bado ilikuwa "wasichana wa siku hizi".

Basi wakikuuliza, wajibu hivi. Tangu Oktoba 2003 kanuni ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa inakataza kulala na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama msichana alikubali, hata kama mwanamume alidhani ni mkubwa. Inakataza pia kutoa fedha, kazi au bidhaa ili kupata mwili wa mtu. Binti yako alikuwa na miaka 17. Zile biskuti hazikuwa mahari, na yeye hakuwa mfanyabiashara.

Sasa mtoto. Kwa sheria ya uraia ya 2004, mama yake akiwa Mkongomani, naye ni Mkongomani tangu kuzaliwa, asikutishe mtu. Na Sheria yetu ya Familia inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Wa damu asipopatikana, mahakama inaweza kumteua baba wa kisheria kutoka ukoo wa mama. Yaani kaka yako anayeogopa aibu ndiye hasa anayeweza kuteuliwa. Mwambie hivyo akiwa ameshiba.

Kushitaki? Mimi ningeshitaki, lakini nikijua ninachokwenda kutafuta. Mahakama za Kongo haziwezi kumhukumu askari wa kikosi cha kigeni; mapatano ya Umoja wa Mataifa na nchi zinazotoa majeshi yameiachia nchi yake kazi hiyo. Umoja wenyewe unaweza kumrudisha kwao na kumzuia asitumwe tena, ila haumlipi mama fedha za matunzo. Mfuko wa waathirika ulioanzishwa 2016 hugharimia miradi: ushauri, mafunzo ya ushonaji, mambo ya namna hiyo. Matunzo hasa hutoka kwa baba, baada ya ubaba kuthibitishwa, na hapo ndipo safari huwa ndefu, maana kipimo cha vinasaba kinahitaji sampuli za pande mbili, kama vile mate, na nchi yake ikubali kusaidia.

Malalamiko hupokelewa na kitengo cha mwenendo na nidhamu cha misheni ya Umoja wa Mataifa. Binti aende na mtu anayemwamini, asipelekwe na kundi la wajomba. Kabla ya hapo kaeni jioni moja muandike: jina alilolitumia, bendera iliyokuwa begani mwake, cheo, mwezi aliofika na mwezi aliopotea, majina ya waliomwona nyumbani kwako. Picha hata ikiwa ya ukungu itafaa. Na ile namba isiyopatikana, usiifute kwenye simu.