Vijana wa mapanga Kisauni: kuwafunga na wakubwa si dawa

Kaka, unasema hawa watoto wa mapanga, wanaovamia na kukata watu hapa Kisauni, Mombasa, wafungwe jela moja na watu wazima. Hasira yako naielewa, wanaokatwa ni jirani zetu. Lakini Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya 14 korti sharti iridhike kwanza kwamba alijua anatenda kosa. Na mtoto lazima atengwe na wakubwa, hata akiwa seli. Hapo Shimo la Tewa kuna bostali ya wavulana, yaani kituo cha kurekebisha vijana waliokosa: wanakaa humo muda usiozidi miaka 3, wanafundishwa ufundi.

Sasa tazama mtoto wa panga anakotoka. Shule kaacha, baba hajulikani aliko, mama anatoka alfajiri kwenda kufulia watu Nyali, anarudi usiku. Anayemlea ni maskani, kijiwe cha vijana mtaani: muguka, majani ya kulevya ya kutafuna, upo, na yupo mkubwa anayemnunulia viazi karai na kumwita "mdogo wangu". Panga linakuja baadaye, akishakuwa na deni la wema ule. Huyo mkubwa ndiye akamatwe kwanza, maana akibaki mtaani atachukua mtoto mwingine.