Toyota Dolphin ya 1984: hesabu nati kwanza

Ndugu, kabla hujabadilishana pikapu yako na hiyo Dolphin, yaani pikapu ya Toyota iliyojengewa nyumba ya kulala ndani, chuchumaa gurudumu la nyuma uhesabu nati. Zikiwa 5, hiyo ni ekseli ya pikapu ya kawaida iliyofungwa tairi pacha. Uzito wa nyumba huielemea, na ikikatika gurudumu linachomoka ukiwa mwendoni. Achana nayo. Zikiwa 6, ni ekseli ya tani 1, ile imara zaidi, endelea. Panda kitanda cha juu ya kebini, bonyeza pembe zote kwa kidole gumba: pakibonyea, mbao zimeshaoza ndani. Tairi nazo, soma tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 1215 ni wiki ya 12, 2015. Zikiwa za zamani hivyo badilisha zote 6, hata kama hazijawa kipara.