Prius haiwaki baada ya betri kufa

Mkuu, umesema taa za dashibodi zinawaka hafifu, neno READY (gari tayari kuondoka) halitokei, na fundi anataka ununue betri kubwa ya haibridi, ile inayoendesha mota ya umeme. Usitoe hela bado. Pima kwanza betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu iko kwenye buti upande wa kulia. Ikiwa nzima na imejaa husoma kama 12.6, ikiwa chini ya 11.8, anzia hapo. Prius haina stata ya kawaida: injini huzungushwa na umeme wa betri kubwa, lakini hiyo ndogo isipoamsha kompyuta na rilei (swichi za umeme), kubwa haiunganishwi kabisa.

Kubusti kwa betri ya gari jingine: chanya kwenye nguzo iliyo ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti, hasi kwenye chuma kisicho na rangi. Ukigeuza waya utaunguza fyuzi kuu, pengine na inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa uende kwenye mota). Hapo ndipo wengi huumia.

Ikiwaka halafu ikatoa P0A80, namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine ya kupima gari, sasa ndiyo betri kubwa. Safisha na feni yake ya kupoza, inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa siti ya nyuma. Kwa vumbi na joto la Dar huziba. Waya za rangi ya chungwa usiziguse, zina zaidi ya volti 200.