Fyuzi inakatika nikikata kona: niweke ya ampea 30?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda hapa Kigoma, natumia pikipiki ya Kichina cc 150. Miezi miwili iliyopita niliibadilisha muonekano: usukani mrefu wa kuinuka, siti nyingine, taa mbili za spoti, redio yenye spika mbili na sehemu ya kuchajia simu. Tangu hapo inakata fyuzi. Mara nyingine napandisha kutoka stesheni kwenda Mwanga, nikikata tu kona ya kushoto inazima palepale. Mara nyingine ni usiku nimewasha kila kitu, inakwenda kama dakika kumi ndipo inakata. Wiki hii nimemaliza fyuzi sita, zile za kioo za ampea 10. Mwenzangu kijiweni ananiambia niweke ya 30 niachane na usumbufu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hiyo ya 30 kwa sababu ndiyo inayonitia hofu. Usiiweke. Na kama umeshaiweka, kaitoe kwanza, kisha urudi tuendelee.

Fyuzi haikuwekwa kulinda taa wala redio. Kazi yake ni kulinda waya. Waya mwembamba unaopanda kwenye swichi za usukani, ukipitishwa ampea 25 unapata moto hadi plastiki inayeyuka, na muda wote huo fyuzi ya 30 imetulia mahali pake haina habari. Kumbuka nyaya hizo zimepita chini ya tangi la petroli. Hapa Tabora niliwahi kuletewa pikipiki ambayo mwenyewe alikuwa amezungushia fyuzi iliyokufa karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilipoinua tangi nilikuta nyaya zimegandana kuwa kamba moja nyeusi, ngumu kama mzizi, huwezi kujua upi mwekundu na upi wa kijani. Mpira wa petroli uliokuwa umezigusa ulikuwa umebonyea upande mmoja. Kijana alinusa harufu akiwa amekaa juu yake, akawahi kuchomoa betri. Petroli haikuwa imeanza kuvuja, na hicho tu ndicho kilichomwokoa.

Sasa turudi kwako. Kwa maelezo yako pikipiki ina magonjwa mawili, siyo moja, ndiyo maana umehangaika. La kona ni shoti, yaani waya wenye umeme unagusa chuma cha fremu. La usiku ni mzigo kuzidi. Fyuzi zenyewe zitakuhakikishia, kwa hiyo usizitupe. Ishike moja moja kwenye mwanga. Iliyokatwa na shoti mara nyingi kioo chake kimeingia weusi au kimepakwa rangi kama ya kioo cha kujitazamia, na ule uzi wa ndani karibu wote umepotea, kwa sababu umeme ulikuja kwa kishindo. Iliyokatwa na mzigo kioo hubaki safi, uzi umeachana katikati tu, ncha zake zimejikunja kama nta iliyoyeyuka. Ukiona kioo kizima lakini kofia ya chuma ya pembeni imebadilika rangi, na kinachoshika fyuzi kimelainika, hapo tatizo ni kushika vibaya: pamelegea au pana kutu, panapata joto. Kishikio hicho kibadilishe bila kujadiliana nacho.

Kwenye shoti, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye usukani mrefu. Nyaya za swichi zilipimwa kiwandani kwa usukani mfupi. Ukiinua usukani bila kurefusha nyaya, zinavutika, na pale shingoni, fremu inapokutana na shokapu za mbele, zinasugua chuma kila unapogeuza. Siku za mwanzo hakuna kitu. Baada ya wiki kadhaa plastiki inaisha, shaba inachungulia, na kona ya kushoto inaibusisha na fremu. Ukinyoosha usukani inaachana, ndiyo maana fundi wa jirani ukimpelekea haoni kitu.

Kuitafuta usitumie fyuzi moja baada ya nyingine, utamaliza duka. Tafuta balbu ya zamani ya breki, ile ya wati 21, uiunganishe nyaya mbili. Chomoa fyuzi, kisha funga nyaya za balbu kwenye ncha mbili za kishikio, balbu ikae mahali pa fyuzi. Sasa hata shoti ikitokea, umeme unaopita hauzidi ampea 2 hivi, hauunguzi kitu, na balbu inakuwa shahidi wako. Washa ufunguo, zima kila kitu kingine. Balbu ikikaa kimya au ikawaka kwa mbali tu, njia ni salama kwa wakati huo. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo pale pale.

Ukiwa umewasha ufunguo, geuza usukani taratibu hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Mwenzio aangalie balbu. Ikiwaka ghafla, usiendelee kugeuza, shikilia usukani hapo hapo na kwa mkono mwingine gusagusa nyaya kuanzia shingoni kwenda juu. Waya ukiuvuta balbu ikazima, umeshampata. Nimefanya hivi mara nyingi, na bado nafurahi kila balbu inapozima kwa kidole.

Kumpata siyo kumtibu. Wengi wanazungushia selotepu nyeusi na kufunga kazi, na jua la kwetu linalainisha gundi mpaka tepu inajifungua yenyewe. Katika usukani kama wako nyaya zirefushwe zote: kata, ongeza kipande cha unene uleule au zaidi kidogo, sokota, lehemu kwa risasi, vika kimpira kinachosinyaa kwa joto. Viungo visikae sehemu moja; kimoja kiwe juu, kingine chini, kusudi hata kimoja kikifunguka kisimguse jirani. Zote uzivike bomba la plastiki pale shingoni, na uache nyongeza ya kutosha ili usukani ukifika mwisho pande zote mbili nyaya zibaki zimelegea. Usizibane karibu na kile chuma kinachozuia usukani usizidi kugeuka. Pale zinakatwa kama kwa mkasi.

Neno la rangi, maana limewaponza wengi. Katika pikipiki nyingi za Kichina, zilizofuata mpango wa Honda, waya wa kijani ndio hasi, na mweusi ni chanya inayotoka kwenye swichi ya ufunguo. Fundi aliyezoea kwamba mweusi ni hasi akiubana mweusi kwenye bolti ya fremu, amekutengenezea shoti ya kila ukiwasha ufunguo. Na taa za spoti za dukani mara nyingi zinakuja na mweusi ambao kweli ni hasi. Kwa hiyo rangi ikupe fununu tu, kipimo kiwe mita au taa ya kupimia.

Mzigo sasa. Wati ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea. Taa kubwa wati 35, ya nyuma 5, breki 21, indiketa mbili za wati 10 zinakuwa 20. Jumla 81, yaani karibu ampea 7 vyote vikiwaka pamoja. Fyuzi ya 10 inatosha, hata honi ikilia. Ongeza spoti mbili za wati 20: ampea 3 na kitu. Redio ikifunguliwa sauti inaweza kula 3. Simu ikichajiwa kwa kasi, karibu 1. Umefika 14, na kila unapogusa breki ndipo unapogonga juu kabisa. Fyuzi ya 10 ikipitishwa 14 haikatiki hapo hapo, inaweza kuvumilia dakika kadhaa ikipata moto polepole. Ndizo dakika zako kumi.

Dawa yake ni kuvitoa vitu vya nyongeza kwenye njia ya zamani. Vuta waya mpya kutoka chanya ya betri, na karibu kabisa na betri, siyo mbele kwenye taa, weka fyuzi yake ya ampea 5 kwa ajili ya spoti. Hapo ingiza rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: mguu namba 30 upokee umeme huo wa fyuzi, 87 uende kwenye spoti, 85 kwenye hasi, na 86 upate umeme wa swichi yako ya spoti, inayotegemea ufunguo. Swichi ndogo ya usukani itabeba umeme kidogo tu wa kuamsha rilei. Redio na chaja wapewe njia yao na fyuzi yao ya 5, na njia hiyo nayo itegemee ufunguo, la sivyo asubuhi utasukuma. Ya zamani ibaki na 10 yake.

Fyuzi zikishatulia bado kuna swali la chaji, na hapa nakwambia ukweli usioupenda. Koili ya chaji, ile inayotengeneza umeme injini ikizunguka, haikuongezeka ulipoongeza vitu. Washa kila kitu, pandisha mwendo wa injini hadi kati, pima betri. Ukipata volti 13.5 hadi 14.5, uko salama. Chini ya 13, unakula akiba ya betri, na uchague usiku unahitaji nini zaidi, spoti au muziki. Mimi ningebaki na spoti, maana abiria wako anahitaji uione njia. Ikipita 15, regulata, kile kifaa kinachozuia volti za chaji zisizidi, imekufa na itakuunguzia balbu.

Jambo moja zaidi: wakati wa kuchomelea vishikio vya spoti na siti, je, fundi alichomoa betri? Kama hakuchomoa, regulata inaweza kuwa imeumia. Rudisha ile balbu mahali pa fyuzi, zima ufunguo. Ikiwaka ufunguo ukiwa umezimwa, chomoa soketi ya regulata. Balbu ikizima, ndiyo hiyo inayovujisha, ibadilishe. Ikiendelea kuwaka, fuata waya mwekundu kutoka betri hadi swichi ya ufunguo, hasa pale siti mpya inapokalia fremu. Na kama inawaka tu ufunguo ukiwa umewashwa hata baada ya kuchomoa soketi zote za mbele, angalia chini ya madigadi ya nyuma, tairi linapoweza kufika kwenye waya wa taa ya breki ukibeba abiria mzito.