Simu Mkononi: Kioo Kinapogoma Kusikia Kidole

Toleo hili tumechagua barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini. Zote zinahusu kioo cha simu: kinachogoma, kinachojibonyeza chenyewe, au kinachofanya jambo ambalo mwenye simu hakuliomba.

Kamwene, wataalamu. Nimenunua simu mpya, na vile vitufe vitatu vya chini nilivyozoea havipo. Nikiwa najaza fomu ya mzigo, kidole kikigusa pembeni kidogo tu, ukurasa unarudi nyuma na nilichoandika chote kinapotea. Nifanyeje?
*Mfanyabiashara wa viazi, Makambako*

Kamwene, ndugu. Vitufe vipo, vimefichwa tu. Tangu Android 10 ilipotoka mwaka 2019, simu nyingi zinakuja na usogezaji wa ishara. Ukitelezesha kidole kutoka ukingo wa chini kwenda juu, unarudi mwanzo. Ukitelezesha hivyo hivyo lakini ukatua katikati bila kuinua kidole, programu ulizofungua zinajipanga mbele yako. Ukitelezesha kutoka ukingo wa kulia au wa kushoto kuingia ndani, unarudi nyuma. Hiyo ya tatu ndiyo inayokuharibia fomu, kwa sababu kidole gumba cha mkono ulioshika simu kiko palepale ukingoni muda wote.

Kurudisha vitufe, fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha Ishara, utafute sehemu ya usogezaji na uchague vitufe vitatu. Kwenye Samsung njia inapitia mipangilio ya skrini, kwenye upau wa usogezaji. Watengenezaji wengine kila mmoja ameliweka chaguo hilo anapojua yeye, kwa hiyo usihangaike: andika "usogezaji" au "ishara" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Kama simu umeiweka Kiingereza, andika "navigation".

Ukipenda kubaki na ishara, angalia alama ya gia kando ya chaguo hilo. Ndani yake simu nyingi zina kipimo cha wepesi wa ukingo, na mara nyingi kushoto na kulia vinapimwa mbalimbali. Punguza upande ambao kidole gumba chako kinakaa. Kwenye iPhone hadithi ni nyingine, maana vitufe vitatu vya Android huko havijawahi kuwepo. Kwa mtu anayejaza fomu kutwa nzima, sisi tungechagua vitufe. Ishara zinapendeza, lakini stakabadhi ya mzigo haitaki mapambo.

Habari za kazi. Simu yangu ikiwa kwenye chaji inajiandikia yenyewe, inafungua programu, na usiku mmoja ilimpigia mteja. Fundi amesema kioo kimekufa, nibadilishe. Nikiichomoa kwenye chaji inatulia. Nibadilishe?
*Muuza nguo, Mwanjelwa, Mbeya*

Usibadilishe kwanza, dada. Jibu umelitoa mwenyewe mwishoni: ukiichomoa inatulia. Kioo kilichokufa hakingejali kama simu iko kwenye chaji au haipo.

Chini ya kioo kuna wavu wa njia nyembamba zisizoonekana, kwa kawaida za oksidi ya indiamu na bati, zilizopishana wima na ulalo. Chipu ndogo inapima chaji ya umeme kwenye kila makutano, mara nyingi kwa sekunde. Mwili wa mtu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia kinapunguza chaji kidogo mahali pale, na chipu inajua umegusa wapi. Upungufu huo ni mdogo mno. Chaja ya bei ya kutupa, isiyochuja umeme vizuri, inaingiza vurugu za umeme ndani ya simu, na chipu inazidhani ni vidole. Inveta ya sola isiyotoa wimbi laini nayo inaweza kuleta balaa hilo hilo.

Anza na chaja. Jaribu iliyokuja na simu au nyingine ya kuaminika, ukibadilisha na waya pia, kisha jaribu pawabenki. Ikitulia kwa pawabenki na kuchachamaa ukutani, kosa ni la chaja na kioo chako hakina hatia. Chaja hiyo usimpe hata jirani.

Ikiwa inajibonyeza hata bila chaji, izime, toa kava, bandua protekta na ufute kioo kwa kitambaa kikavu cha pamba. Protekta iliyonyanyuka pembeni hukusanya vumbi na unyevu, na unyevu unatosha kabisa kumdanganya chipu. Kisha iweke simu juu ya meza iliyonyooka, uinamie kuitazama ubavuni. Kioo kikiwa kimenyanyuka au mgongo umetuna, betri imevimba na inasukuma kioo kutoka ndani. Hapo acha kuchaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Peleka ibadilishwe betri. Vioo vingine hurudi sawa baada ya hapo.

Kipo pia kipimo ambacho fundi mzuri huanza nacho, nawe unaweza kukifanya kabla hujatoa hela. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, tafuta namba ya muundo na uiguse mara saba mfululizo. Hapo yatafunguka machaguo ya wasanidi programu. Kwenye simu nyingi yako ndani ya Mfumo. Tafuta kipengele kinachochora mahali kidole kinapopita (kwenye simu ya Kiingereza kimeandikwa Pointer location) na ukiwashe. Chora mistari kutoka juu hadi chini kioo kizima, halafu kushoto kwenda kulia, halafu mshazari. Mstari usiokatika ni kioo kizima. Mstari unaokatika kila mara mahali palepale ni ukanda uliokufa, na hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Mistari inayojichora bila kidole inakurudisha kwenye chaja, unyevu au betri. Kwenye Samsung nyingi kuna njia ya mkato: piga *#0*# kama unayepiga simu, uchague Touch, upake kidole miraba yote. Ukimaliza zima kipengele, la sivyo mistari itakufuata hadi WhatsApp.

Na ikibidi kubadilisha, mwambie fundi achomeke kioo kipya na kuchora mistari hiyo mbele yako kabla ya kupaka gundi. Vioo vya kuiga mara nyingi vinachoka pembeni, na pembeni ndipo ishara zinapoanzia. Gundi ikishakauka, kurudishiana kioo kunageuka ugomvi.

Kazi ya chai imenikomaza vidole, na simu mara inasikia mara haisikii. Asubuhi za baridi ndiyo kabisa, nikivaa glavu siwezi hata kupokea. Simu yangu ya zamani ya tachi ilikubali hata ukucha. Kwa nini?
*Msomaji, Mufindi*

Ile ya zamani ilifuata mgandamizo: tabaka mbili zilikutana ulipobonyeza, iwe kwa kidole, ukucha au kalamu. Ya sasa inafuata umeme, kama tulivyoeleza hapo juu. Ngozi ngumu na kavu inauzuia umeme kufika, sufu ya glavu nayo inakitenga kidole kabisa.

Tumia tumbo la kidole au ubavu wake badala ya ncha, maana eneo pana linaonekana zaidi. Vuta pumzi ya moto ukipulizie kidole, au paka mafuta ya mikono usiku ngozi ilainike. Unyevu kidogo ndani ya ngozi unasaidia, maji juu ya kioo hayasaidii. Samsung wana swichi ya kuongeza wepesi wa mguso kwenye mipangilio ya skrini, na simu nyingine wanaiita hali ya glavu. Protekta iwe moja tu. Za glasi kwa kawaida ni karibu milimita 0.3, na wanaobandika ya pili juu ya ya kwanza wanajitafutia hasara. Glavu zipo zenye nyuzi zinazopitisha umeme kwenye ncha za vidole. Kalamu ya kioo iwe na ncha pana ya mpira. Kijiti cha plastiki hakifanyi kitu. Alama ya kidole nayo itakusumbua kwa sababu hiyo hiyo ya ngozi, kwa hiyo funga simu kwa PIN.

Kuna jambo moja la baridi lenyewe. Kioo cha LCD kinapokaribia nyuzi sifuri kinachelewa kubadilisha picha, na unadhani mguso ndio unaochelewa. Na simu iliyolala kwenye barafu ya asubuhi, kama ile ya Kitulo mwezi wa saba, iache ipate joto la chumba kwanza. Kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri kunaiharibu.

Naendesha bodaboda Tukuyu, na mvua ya huku mnaijua. Tone likianguka kioo kinacheza. Dukani waliniambia simu haiingii maji!
*Bodaboda, Tukuyu*

Huenda walisema kweli. Kutoingia maji ni habari ya ndani ya simu. Juu ya kioo, tone linapitisha umeme na linahesabiwa kama kidole. Mfuko wa plastiki angavu, mwembamba na uliobana kioo, unaruhusu mguso kupita na kutawanya matone. Simu za kupokea, pokea kwa kitufe cha waya wa sikioni. Zima ule uwezo wa kuwasha kioo kwa kugusa mara mbili, washa ulinzi wa mguso wa mfukoni kama upo, na weka kioo kitazame nje, mbali na paja. Kitambaa chepesi chenye jasho hakimzuii chipu kuona ngozi.

Simu ya bibi inaongea kila akigusa, na kugusa mara moja hakufungui kitu. Tumedhani ni virusi.
*Mjukuu, Makete*

Mpe shikamoo zetu. Si virusi, ni TalkBack, msaada wa wasioona, na huwashwa kirahisi kwa bahati mbaya. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Isipozimika, ingia Mipangilio sehemu ya ufikivu ukazime humo, ukikumbuka sheria zake: gusa mara moja kuchagua, mara mbili haraka kufungua, na sogeza ukurasa kwa vidole viwili. Ukiwa humo humo, kama mkono wa bibi unatetemeka, ongeza muda wa kugusa na kushikilia. Kwa kawaida ni karibu nusu sekunde. Ukiuweka mrefu, icon hazitamhama kila anapochelewa kuinua kidole.

Nikicheza gemu, simu inapiga picha ya kioo yenyewe.
*Mwanafunzi, Iringa*

Unatumia vidole vitatu. Simu nyingi huchukua picha ya skrini vidole vitatu vikiteleza pamoja kwenda chini. Tafuta "picha ya skrini" kwenye Mipangilio, uzime ishara hiyo, na utumie kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Zilizokwisha kupigwa zinajaza nafasi kwenye folda yake, zifute huko.