Kwa wapangamiji wapya: nani hasa anatembea Shantytown, Moshi?

Wadogo zangu wa field, na ninyi mlioajiriwa juzi, michoro yenu ya lile eneo la wazi nimeiona. Inapendeza. Chemchemi katikati, vijia vya kupindapinda, viti juani. Bili ya maji ya hiyo chemchemi atalipa nani? Andikeni jina lake kwenye mchoro. Sasa nisikilizeni kabla presha haijapanda.

1. Mtaa wa ujazo mdogo kama Shantytown, wa viwanja vikubwa na nyumba chache, si Pasua wala Majengo kwenye msongamano. Mwenye nyumba anatoka getini na gari, kioo juu. Wanaotembea ni dada wa kazi, mlinzi anayetoka zamu, wanafunzi, na mama mwenye beseni la ndizi. Hao ndio wateja wenu, na kwenye mkutano hamtawaona.

2. Hili mimi liliniumbua. Kulikuwa na kiwanja cha wazi: nyasi, mijakaranda, na kinjia kimoja kilichokata kutoka pembe hadi pembe. Niliitisha mkutano Jumamosi. Wakaja wenye nyumba, wakanywa soda, wakalalamikia bodaboda na "wapita njia tusiowajua". Wakataka uzio na geti. Nikawapa! Si nimeshirikisha wananchi, na fomu ya mahudhurio imejaa saini? Kile kinjia nilikifuta kwenye mchoro, nikaandika "nyasi". Kumbe ndiyo njia ya kuwahi daladala. Uzio uliposimama, watu wakasukumiwa barabarani, upande mmoja mtaro, upande mwingine magari. Nilipita pale nikamwamkia mlinzi mmoja mzee. "Marahaba. Hivi mwanangu, ufunguo wa hili geti anao nani?" Nikaenda kuulizia. Alikuwa nao mwenye nyumba mmoja, na mwenyewe anaishi Dar. Masika ilipoingia nyasi zikafika kiunoni, mifuko ya taka ikaanza kurushwa usiku, tena sidhani kama waliorusha walikuja kwa miguu. Kisha wavu ukakatwa, tundu la kupita mtu mmoja, pale pale kilipokuwa kinjia. Tukaziba. Likafunguliwa. Tukaziba tena, safari hii kwa waya mnene. Wakaukunja vizuri pembeni, wala hawakuuiba.

Kwa hiyo: hesabuni miguu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, ndipo mfungue kompyuta.

3. Tafuteni bikoni, yale mawe ya mpaka ya wapima, mapema. Mitaa hii sehemu kubwa ya ardhi ya umma ni hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na michongoma ina tabia ya kutembea. Kila inapopunguzwa inasogea kuelekea mtaroni, halafu mwenyewe anakuapia kwamba aliipanda marehemu babu. Usibishane naye. Mwite mpima, simama kando, na chai ukiletewa kunywa.

4. Maji yanashuka kutoka mlimani kwenda kusini, kwa hiyo mteremko mkaukague wakati wa masika. Kando ya mto msisahau mita 60 za kuachwa bila shughuli za kudumu, za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

5. Mijakaranda isiguswe. Viti viwe chini yake, ila vigae laini hapana: maua yakidondoka yanateleza, na wenye kandambili ndio watakaoanguka.

Jumatatu tunakutana mtaani, si ofisini. Mje na buti zenu, ofisi haina za kugawa.